Shajara ya Karuru: matayarisho ya safari kutoka Mombasa

Oktoba, mwisho wa mwezi: lengo

Lengo limeandikwa na kila mtu ameliona kwenye simu yake. Watu saba watoke Mombasa, wafike Maporomoko ya Karuru ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, watembee hadi kwenye majukwaa ya kutazamia, warudi makwao wazima. Matembezi yenyewe si marefu. Anayeweza kutoka Mji wa Kale hadi Makupa kwa miguu anayaweza. Kazi iko kabla ya hapo: reli, barabara ya tope, baridi, na mwinuko ambao sisi watu wa usawa wa bahari hatujauzoea.

Mjomba alipita kikao kikiendelea, akasimama mlangoni na tasbihi yake mkononi. "Mwataka kufuata maji hadi Nyandarua, na bahari hii hapa?"

Nikamwambia, "Mjomba, bahari haianguki."

"Na isianguke, inshallah," akasema, akaenda zake msikitini. Kikao kikaendelea.

Chaguo zilikuwa mbili. Maporomoko ya Nyahururu, kwenye mto Ewaso Narok, yana urefu wa mita 74 na sifa yake kubwa ni urahisi: lami inakufikisha, mji uko hapo hapo, unalipa unaingia unachungulia. Karuru yana mita 273, na maji hayaanguki mara moja. Huteremka kwa ngazi tatu, ya kwanza mita 117, ya kati mita 26, ya mwisho mita 130. Yaani Nyahururu yote ingeingia katika ngazi ya kwanza ya Karuru na nafasi ikabaki. Halafu ng'ambo ya bonde hilo hilo kuna maporomoko ya Gura, ambayo hayana njia ya kuyafikia kwa karibu lakini unayaona ukiwa upande wa Karuru. Kura zikaenda Karuru. Nyahururu tumeiweka akiba, na nitaeleza mbele kwa nini akiba hiyo si ya mapambo.

La pembeni: sisi ni watu ambao maji ya mfereji huja kwa zamu, na iko mitaa ambayo hayaji mpaka mkokoteni wa mitungi upite. Kutoa pesa mfukoni kwenda kutazama maji yakimwagika mwambani bila wa kuyakinga kuna kichekesho chake. Lakini maji ya Gura huingia mto Tana, na Tana huja kumwagika baharini Kipini, pwani yetu hii hii. Basi tuseme tunakwenda kuyalaki.

Novemba: tarehe

Naandika mvua ya vuli ikipiga mabati. Hili ndilo lililotuamulia mengi, maana mvua hizi za Oktoba hadi Desemba, na zile za masika za Machi hadi Mei, ndizo zinazoharibu barabara za ndani ya hifadhi. Udongo wa kule ni mwekundu, wa mfinyanzi, na ukilowa hata gari zuri linateleza ubavu.

Imebaki miezi miwili ya kweli: Januari na Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua kubwa, ila baridi na ukungu huzidi, na hakuna maana ya kusafiri siku nzima ukafika kwenye jukwaa ukaona weupe mtupu. Januari huku ni kaskazi, jua kali, bahari imetulia, kila mtu anatafuta kivuli. Kule ndio wakati mkavu. Na kwa kuwa Ramadhani inaangukia Februari, dirisha letu limejipunguza lenyewe: wikendi za mwisho za Januari.

Shemeji anafanya kazi bandarini kwa zamu, ikabidi tusubiri ratiba yake. Imepatikana. Tarehe imefungwa.

Novemba: njia

Hifadhi ina milango upande wa Nyeri na upande wa Kinangop. Waliopita Nyeri husifu mandhari, lakini kutoka huko unakuwa na mwendo mrefu zaidi ndani ya hifadhi kabla ya kufika Karuru. Lango la Mutubio, upande wa magharibi, liko karibu zaidi na tunakokwenda. Unapanda kutoka Naivasha hadi uwanda wa Kinangop, unapita Ndunyu Njeru, kisha barabara inaukwea ukingo wa milima hadi langoni. Tumechagua Mutubio na mjadala umefungwa, ingawa binamu yangu bado anataka Nyeri kwa sababu ya historia: Dedan Kimathi wa Mau Mau alikamatwa upande ule, Oktoba 1956, na hoteli ya Treetops ndipo Elizabeth wa Uingereza alipokuwa usiku ule wa Februari 1952 babake alipofariki akawa malkia. Nimemwambia historia yake ni nzuri na aiweke kwa safari nyingine.

Kutoka hapa hadi Nairobi tunapanda treni. Kulikuwa na waliotaka ya usiku ili tuokoe siku nzima: unalala ndani ya treni, unashuka Syokimau, kituo cha Nairobi, kabla hakujapambazuka, unaunganisha moja kwa moja hadi mlimani. Kwenye karatasi inapendeza. Mwilini ni kitu kingine. Mtu aliyekuwa usawa wa bahari saa nne za usiku, asiyelala vizuri, awe juu ya mita 3,000 kabla ya adhuhuri. Dada yetu muuguzi alilikataa hilo kabla sijamaliza kulisoma. Kwa hivyo: treni ya asubuhi siku ya Ijumaa, dereva atupokee Syokimau mchana, tulale Naivasha. Jumamosi mlima. Jumapili kurudi.

Swali la swala ya Ijumaa lilitoka, na likajibiwa na aliyelitoa: msafiri hana lazima nayo, ataswali adhuhuri yake.

Desemba: mwinuko

Kikao hiki kilikuwa cha muuguzi peke yake na sisi tulisikiliza.

Hewa ya mita 3,000 ina oksijeni ile ile asilimia 21, lakini mgandamizo wake ni kama asilimia 70 ya huu wa Mombasa. Kila pumzi inakuja pungufu. Moyo unakwenda mbio, unahema kwa kupanda ngazi chache. Mtu anayeishi Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, amekwisha fanya nusu ya safari hiyo mwilini mwake bila kujua. Sisi hatujafanya hata hatua. Maradhi ya mwinuko huanza kuwashika watu kuanzia kama mita 2,500: kichwa kinagonga, kichefuchefu, chakula hakipiti, usingizi haukai. Mara nyingi hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, na ndiyo maana mahali unapolala ni muhimu kuliko mahali ulipofika mchana.

Naivasha iko kama mita 1,900. Kinangop, kule juu, ni kama 2,500. Tungeweza kulala Kinangop tukawa karibu na lango, na nyumba za kulala zipo. Muuguzi akasema hapana, tupande mchana na tulale chini, usiku wa kabla na usiku wa baada. Imepita.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Nani hapa anajua hali yake ya selimundu?"

Kimya. Pwani yetu ni nchi ya malaria tangu jadi, na mahali penye malaria watu wengi hubeba jeni moja ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu inawakinga na malaria kali. Wengi hawajui kama wanayo, wala haiwasumbui maishani. Mwenye ugonjwa wenyewe hafai kupelekwa kwenye mwinuko kama huu bila daktari wake. Aliyebeba jeni moja tu kwa kawaida yuko salama, lakini kwenye hewa nyembamba, akijichosha na kukosa maji mwilini, bandama yake inaweza kudhurika. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Dawa ya kwanza ni kushuka, hapo hapo, bila kungoja wenzako wapige picha.

Nitasema wazi: katika mipango yote ya kupanda milima niliyoisikia mjini hapa, viatu vinazungumzwa saa nzima na hili halitajwi. Tulikubaliana wote tupimwe kabla ya Januari. Majibu ni ya mtu mwenyewe na daktari wake. Mimi ninachohitaji ni neno moja tu kutoka kwa kila mmoja, kwamba amepima na ameruhusiwa.

Mwenye pumu yuko mmoja. Pampu mbili, moja mfukoni mwake, nyingine kwa muuguzi.

Desemba: pilau

Halati, ndugu wa mama, amejitolea kutupikia, na kwa Halati chakula cha safari ni pilau. Alitaka tubebe sufuria, mkaa na mchele, tupike pale pale maporomokoni, "mle kitu cha moto, msirudi mmekonda."

Nikamweleza kwamba ndani ya hifadhi huwashi moto popote upendapo. Akasema basi jiko la gesi. Nikamweleza la pili: kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na kama nyuzi 90 tu, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Yatatokota, mvuke utatoka, utadhani yako tayari, na mchele utakaa ndani ukiwa na kiini kigumu. Nyama ndiyo usiseme.

"Watu wa huko hawali?" akauliza.

"Wanakula, Halati. Wanaoishi karibu na huko huchemsha kwa muda mrefu zaidi, na wana sufuria za mgandamizo."

Alifikiri kidogo. "Chai je?"

Chai itatoka, ila hafifu. Tumekubaliana hivi: chai ya tangawizi itapikwa Naivasha alfajiri, iwekwe kwenye chupa za kuhifadhi joto. Halati atatutengenezea mahamri ya kutoka hapa, kashata za njugu, na tende zitanunuliwa Marikiti. Vitu vinavyolika kwa mkono mmoja ukiwa umevaa glovu. Pilau italiwa Jumapili usiku tukirudi, na ameshaniambia nisilete udhuru.

Desemba: nguo

Hesabu ya joto ni rahisi. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu. Siku ya nyuzi 31 hapa inakupa kama 12 kwenye mita 3,000, mchana, kabla hujahesabu upepo na manyunyu ya maji yanayoanguka.

Tatizo la Mombasa ni pamba. Nguo zetu zote ni za pamba, na zinafaa hapa kwa sababu ile ile inayozifanya ziwe hatari kule: hushika maji zisiyaachie. Ukitoka jasho ukipanda, ukasimama jukwaani dakika kumi upepo ukakupiga, fulana inakuwa kama kitambaa cha maji baridi mgongoni. Dada wawili walitaka kuja na leso za kujifunika mabegani. Leso waje nazo, za kukalia, za kufungia mahamri, hata za kupigia picha. Ya kujifunika iwe sufu au ile nguo ya manyoya laini ya kutengenezwa, na juu yake koti lisilopitisha maji.

Soko la Kongowea lina yote haya, na kwa bei ya chini, maana nani ananunua jaketi la baridi Mombasa? Wauzaji wa mitumba huyafungua marobota wakayasukuma pembeni. Nilipata makoti matatu ya mvua kwenye rundo ambalo muuzaji alikuwa amekalia.

Buti zilihitaji macho zaidi. Buti ya mtumba inaweza kuwa mpya kwa sura na imekufa ndani. Imekaa dukani au kabatini miaka mingi, povu la soli limeoza polepole, na siku utakayoivaa kwa mwendo wa kweli soli inabanduka yote kama ganda la ndizi. Mbinu niliyofundishwa na fundi viatu: ikunje buti kwa nguvu katikati, sikiliza. Ikitoa mlio wa kukatika, iache. Kisha bonyeza kwa kucha ule ukuta wa soli juu ya kisigino. Ikibaki alama, au ikitoka unga, iache pia hata akikupa bure. Nilikunja nyingi siku hiyo. Kijana wa mezani alianza kucheka, "Mama, wanunua viatu au wavipiga mweleka?" Jozi niliyoichukua aliitaja elfu mbili na mia tano, tukaachana kwa elfu moja na mia tatu. Fundi ameipigia mshono wa uzi wa nailoni mzunguko mzima wa soli, na kuipaka nta.

Walio na gambuti waje nazo. Njia ni ya matope, na gambuti ya mvuvi haina la kuonea haya.

Desemba, kabla ya sikukuu: jaribio la Shimba Hills

Mombasa haina mlima wa kufanyia mazoezi. Wengine wamekuwa wakipanda na kushuka Daraja la Nyali jioni, na inasaidia miguu, lakini nilitaka tutembee pamoja angalau mara moja kwenye msitu na mteremko. Tukavuka Likoni, tukashika barabara ya Kwale, tukaingia Shimba Hills kwenda Maporomoko ya Sheldrick. Yana mita 21 tu. Yamepewa jina la David Sheldrick, aliyekuwa mlinzi mkuu wa Tsavo. Vilima vyenyewe havizidi mita 450 na kitu, kwa hivyo hewa nyembamba haikuwa sehemu ya jaribio. Nilikuwa naangalia mwendo.

Huendi peke yako. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, anatangulia na bunduki, kwa sababu ya ndovu, na maneno yake ya kuanzia yalikuwa mafupi: "Mkisikia matawi yanavunjika, simameni. Msikimbie. Mimi ndiye nitakayesema kukimbia." Dada mdogo aliuliza kama amewahi kusema. Askari akatabasamu tu akaanza kutembea.

Njia ya Sheldrick ina hila yake: kwenda ni kuteremka, kurudi ni kupanda. Kwa hivyo kila mtu alifika chini akiwa na nguvu na maneno mengi. Wengine wakaingia kwenye kidimbwi. Maji yale hayana baridi ya kukutisha. Kupanda kurudi ndiko kulikosema ukweli. Kundi lilikatika vipande vitatu. Vijana walikuwa mbele karibu na askari, sisi wa makamo katikati, na shemeji nyuma, mkono kiunoni, uso umejaa jasho. Hakuna aliyemwona mwenzake kwa muda.

Tumeondoka na kanuni mbili hapo. Ya kwanza, mbele anakaa mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, na hakuna wa kumpita. Shemeji hakupenda kutajwa lakini alikubali, na hapo hapo akapewa cheo cha kiongozi wa msafara, ambacho anakitumia kupita kiasi hadi sasa. Ya pili, ukishindwa kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda mbio mno. Kipimo hiki kitafaa zaidi kule juu kuliko saa yoyote ya mkononi.

Tukirudi garini tuliwaona palahala, dume mmoja mweusi mwenye pembe zilizopinda hadi mgongoni, na majike wake wa rangi ya kahawia. Katika Kenya nzima hawa wako Shimba Hills tu. Tumeishi saa moja kutoka kwao, na nusu ya kundi ilikuwa haijawahi kuwaona.

Januari, mwanzo: udhu

Hili lilianza kama mzaha na likawa ajenda. Jumamosi tutakuwa juu wakati wa adhuhuri. Tunaweza kupunguza swala na kuzikusanya, adhuhuri na asri pamoja, hilo halina shida. Shida ni maji ya mto wa kule, miguuni, kisha kurudisha soksi zilizolowa ndani ya buti zenye matope.

Sheikh wa msikiti wetu alilimaliza kwa utulivu. Buti inayofunika vifundo, ukiivaa ukiwa na udhu na ikiwa safi, inachukua hukumu ya khofu, yaani zile soksi za ngozi. Ukihitaji kutawadha tena unapangusa juu yake kwa mkono uliolowa, huvui. Msafiri ana ruhusa hiyo siku tatu na usiku wake. Kwa hivyo tutatawadha Naivasha kwa maji ya moto, tutavaa buti hapo hapo, na chupa ndogo ya maji itatosha mlimani. Gambuti nayo inaingia. Buti fupi zisizofika kifundoni haziingii, na mmoja wetu amerudi Kongowea kubadilisha jozi yake kwa sababu hiyo hasa.

Januari: pesa na vibali

Mchango umekusanywa kwa simu, na mweka hazina ni yule yule anayeshika mchezo wetu wa kuchangiana pesa kila mwezi, kwa hivyo hakuna aliyechelewa. Anajulikana.

Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hawapokei taslimu langoni. Wakenya hulipa kiwango cha raia, na kitambulisho lazima kionekane. Mlango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ni lazima uwe umetoka.

Gari ndilo lililotuchosha. Tunataka linalovuta magurudumu yote manne, liwe la juu, na dereva anayeijua barabara ya Mutubio yenyewe. Kusema "nimeendesha Maasai Mara" hakutoshi. Mmoja wa kwanza tuliyezungumza naye alitaka malipo yote kabla na hakutaka kutuma picha ya magurudumu. Nilipomwomba mara ya pili akanitumia picha ya usukani. Tukaachana naye. Wa sasa ni mtu wa Kinangop, anaongea kidogo, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mko na koleo ama nibebe?" Nikajua tumempata.

Yeye pia ndiye aliyesisitiza tuwe langoni mapema. Kwenye milima hii asubuhi huwa wazi, mawingu huanza kujikusanya kadiri jua linavyopanda, na mchana ukungu unaweza kulijaza bonde lote. Askari wa kutusindikiza ameombwa. Nyati wapo, ndovu wapo, na mianzi ni mizito kiasi kwamba huwaoni mpaka uwe karibu nao. Bongo nao wapo, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, lakini waliobaki porini hawafiki hata mia moja, na dereva wetu, mtu wa huko, anasema hajamwona hata mara moja. Hatumwahidi mtu.

Januari, wiki ya safari

Wote saba wamethibitisha kupimwa na kuruhusiwa. Mmoja ameambiwa na daktari anywe maji kwa wingi, asibebe mzigo na akae karibu na muuguzi. Begi lake limegawanywa kwa wengine bila maneno.

Tiketi zimetoka. Ramani ya eneo imepakuliwa kwenye simu mbili, maana mtandao kule hukatika. Tochi, plastiki za kufunga simu na soksi za akiba, jozi mbili kwa kila mtu. Kiongozi wa msafara ametaka filimbi. Amepewa filimbi.

Masharti ya kugeuka yameandikwa mapema ili yasijadiliwe mlimani, ambako kila mtu anakuwa shujaa. Mvua ikinyesha Ijumaa usiku upande wa Kinangop, dereva ndiye mwenye neno la mwisho asubuhi. Akisema barabara haipitiki, tunageuza kupitia Gilgil kwenda Nyahururu, lami moja kwa moja, na hakuna wa kununa. Tukiingia hifadhini, saa nane mchana tunaanza safari ya kutoka, tuwe tumeona Gura au tumeona ukungu. Mtu akiumwa kichwa anasema. Akitapika, au akiyumba anapotembea, au akishika ubavu wa kushoto, wote tunashuka naye.

Dereva ameandika leo jioni: hakujanyesha Ndunyu Njeru wiki hii, barabara ni vumbi, asubuhi kuna umande mzito nyasini. Askari amepangwa kutungojea langoni saa moja na nusu.

Miritini, kituo cha treni, tunakutana saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwa sababu ukaguzi wa mizigo una foleni. Kitambulisho kiwe mkononi, kisiwe ndani ya begi. Mahamri yatakuwa kwangu.